Mwanga wa Chumba Namba Nne

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mratibu wetu wa mafungo anakabidhi funguo. Wageni humwita Mzee. Sisi wa jikoni na mapokezi tunamwita Nimeambiwa, na kwa kuwa hawezi tena kutupangia zamu, leo tunaliandika waziwazi.

Jina hilo alilipata kihalali. Nyumba yetu hupokea watu wanaotaka kukaa kimya siku chache wakimtafuta Mungu, na kwa mujibu wa Mzee, Mungu alishughulika sana na mambo ya ofisi yetu. Mzee aliambiwa achukue meza ya dirishani. Aliambiwa mtu wa bustani ndiye abebe magodoro. Nani angebisha? Mpishi alijaribu mara moja, akasema naye kaambiwa apumzike Jumamosi. Mzee akamjibu kwamba sauti nyingine ni za tumbo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ushuhuda wa chumba namba nne. Kila mafungo aliyafungua kwa kusimulia jinsi mwanga ulivyomjia humo alipokuwa kijana. Nilipoajiriwa, mwanga ulikuwa wa kadiri ya mshumaa. Baadaye ukawa unamwangusha kifudifudi. Miaka ya karibuni ulikuwa umeanza kunukia. Wageni wakagombea chumba hicho, ambacho dirisha lake halifungi na kitanda chake kinalia, na waliolala humo wakatoka na mwanga wao, maana nani atake kuonekana ameachwa? Hata mwenyekiti wa bodi aliuona, naye usiku huo alikoroma hadi tukamsikia jikoni.

Fundi cherehani mmoja, mjane, hakuuona. Alirudi mwaka uliofuata, akafunga kula na kunywa, hakuuona. Mwezi uliopita alikuja mara ya tatu, na katika kikao cha kuagana alisimama akamuuliza Mzee mbele ya watu wote: "Baba, Mungu amenikataa kwa kosa gani?"

Majibu tulikuwa tunayajua. Lipo la imani haba, lipo la dhambi iliyofichwa. Mzee, mtu ambaye hajawahi kukosa neno hata kwenye harusi isiyomhusu, alinyamaza hadi mpishi akachungulia mlangoni, akidhani kazimia. Kisha akasema: "Mama, huna kosa. Mimi pia sijawahi kuona kitu humo. Nilitamani sana, nikasema nimeona."

Nilikasirika, na bado nina hasira. Ni aibu kumliza mama wa watu mwaka baada ya mwaka kwa mwanga wa kubuni. Lakini mjane yule alicheka, akalia, akaenda kukaa karibu naye, na hakuna aliyetaka kutoka. Chakula kikapoa. Mpishi, ambaye chakula kikipoa hasemezeki, alivua aproni akaketi nasi. Mwenyekiti wa bodi, aliyekuja kuwaaga wageni, alitazama viatu vyake. Tangu niajiriwe hapa, ndiyo mara ya kwanza nilipoogopa kukohoa.

Mzee, asante kwa utumishi wako, hasa wa siku ile. Mafungo yajayo umealikwa kama mgeni, na chumba namba nne ni chako. Dirisha bado halifungi, kwa hiyo njoo na sweta. Tunakutakia pumziko jema, na tunakuombea ukutane Naye kweli. Ukikutana Naye, si lazima utuambie.