Dada Yetu, Askari wa Lango

Ndugu zangu tuliofiwa, viongozi wa dini, maofisa na majirani, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nitasoma polepole, mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1996, na tarehe 5 Januari 1999 akaapishwa kuwa askari polisi. Tarehe 20 Septemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, Mungu akawajalia mabinti wawili, hawa walioketi mbele.

Mwaka 2011 alihamishiwa lango la makao makuu ya polisi, wenzake wakamwita Fungua Buti, maana hakupitisha gari bila kulikagua, hata la mkuu wake, ambaye dada alimsimamisha kwenye mvua hadi dada akakaripiwa, hata langu nilipompelekea chakula, nikanuna wiki mbili, naye akinicheka, akisema roho yangu ni ndogo kuliko buti lenyewe.

Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa tatu kasorobo asubuhi, basi la askari lilikuwa limetoka punde, kizuizi cha chuma kikiwa bado juu, dada ameshika kamba yake, gari dogo jeupe likafika, dereva akasema amechelewa, analeta karatasi za ofisi, na uani kulikuwa na foleni ya watu waliopoteza vitambulisho, wengine na watoto mgongoni. Mwenzake wa zamu, aliyenusurika, anasema dada hakupaza sauti.

"Kijana, fungua buti kwanza."

Dereva, mwanamgambo aliyejaza gari mabomu ili afe na watu wale, alikanyaga mafuta, na dada hakukimbia, aliachia kamba, kizuizi kikashuka, gari likanasa, likalipuka nje ya ukuta.

Alilazwa siku nne, akazinduka mara moja tu, akamuuliza shemeji kama wale wa foleni wamefika nyumbani, akajibiwa wote, akafariki Jumamosi tarehe 15 Juni, saa kumi na moja jioni. Sijui Mungu humpaje mtu miguu ya kusimama namna ile, naogopa hata kuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na askari wenzake waliobeba jeneza. Ninyi mliojaa hadi barabarani, leo asubuhi niliwauliza ni ndugu wa upande gani ili niwaandike, mama mmoja akanijibu, "Sisi ni wa foleni."

Nimewaandika. Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, ndugu watatu, na watu wa foleni.

Pumzika, dada, kwa amani ya Mungu.