Aliyekataa Kuifuta Hatua ya Nyuma

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Darubini, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari mwaka 1977, na shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1989, mwanamke pekee katika kundi lake.

Tarehe 2 Januari 1990 aliajiriwa chuoni, akapewa chumba cha chini ya ngazi, na humo kwa miaka saba akachunguza protini ndogo mno inayobeba mizigo ndani ya seli zetu, ikitembea kwa miguu miwili juu ya uzi, akiikamata mojamoja kwa mwanga wa leza na kuhesabu hatua zake. Tarehe 14 Agosti 1993 aliolewa na mwalimu wa muziki, wakajaliwa mabinti wawili, waliojua kunyamaza mama anapopima kabla hawajajua kusoma.

Mwaka 1997 aliandika kwamba mzigo ukizidi, protini ile haidondoki, bali hurudi nyuma hatua moja, ikajipanga, ikaendelea. Mkuu wa idara alisema huo ni mtikisiko wa malori barabarani, akamtaka aifute ripoti. Dada aliiweka meza yake juu ya mipira ya matairi, akapima upya siku za Jumapili barabara ikiwa tupu, hatua ikaonekana vilevile, akajibu kikaoni, "Nimeiona mara mia nne na kumi na mbili. Sifuti."

Tarehe 30 Juni 1998 alifukuzwa. Asubuhi ya leo chuo kimetuomba, kwa upole kabisa, tusome hapa kwamba "alihamia kazi nyingine", nasi hatusomi hivyo. Alifukuzwa, akafundisha sekondari miaka kumi na mitatu, hadi mwaka 2011, maabara mbili za ng'ambo zilipoiona hatua ileile. Chuo kilipomwita, alirudi kwa sharti moja, ripoti yake ibandikwe kwenye ubao wa idara, ukurasa kwa ukurasa, na ikabandikwa.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaendelea kufundisha akiwa ameketi, hadi alipofariki hospitalini tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli kila alipouuliza, majirani waliompikia, na wafanyakazi wenzake, hasa fundi wa leza, aliyekuja kumsalimia nyumbani miaka yote kumi na mitatu, wakati wengine walivuka barabara wasikutane naye. Mliovuka tunawaona, mmekuja, karibuni mkae.

Dada, tumeisoma habari yako yote, hatukufuta kitu. Pumzika sasa, kwa amani yako mwenyewe.