Shukrani kwa Kiti cha Meno Kilichovaa Nailoni

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali hii. Madaktari, wauguzi na wagonjwa wenzangu. Ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote mlioketi kwenye viti vinavyowatosha.

Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wagonjwa wanene, kwa kuwa leo kinazinduliwa kiti cha meno kipana, kisicho na mikono ya pembeni, kinachobeba hata mtu wa kilo mia mbili bila kulalamika. Nashukuru. Lakini mimi ni mwalimu, na shuleni kwetu kompyuta zilizinduliwa asubuhi kwa vigelegele, jioni zikapakiwa kwenye gari zikazinduliwe shule nyingine. Tangu siku hiyo nikiona utepe, moyo unanidunda.

Sasa nauliza, kwa heshima zote: mbona asubuhi nimekikuta kiti kimevaa nailoni, kama vile hakijafika kwake? Mbona nyuma ya wodi kuna lori tupu, limerudishwa kinyumenyume hadi karibu na chumba cha meno? Nimemfuata dereva nikamuuliza anangoja nini. "Mama, nangoja wakubwa waondoke," akanijibu, tena bila hata kuona haya. Jamani, mnanielewa?

Mnisamehe kwa kuwachunguza. Nina mdogo wangu wa kiume, fundi magodoro, mtaani wanamwita Bonge naye huitika kwa kicheko. Siku hizi haitiki. Jino la chini limeoza na kutunga usaha, shavu limevimba hadi jicho linafumba. Kliniki ya kwanza daktari alimtazama yeye, akakitazama kiti, akasema, "Punguza uzito kwanza, mzee, kisha urudi." Apunguzeje? Hawezi kutafuna! Anaishi kwa uji wa sukari, na sukari hiyo inamnenepesha huku ikimwozesha meno. Kliniki ya pili walimlaza chali, pumzi ikambana, na alipojiinua kwa pupa mkono wa kiti ukakatika, foleni nzima ikaangua kicheko. Akarudi nyumbani, akajifungia chumbani.

"Dada, niache," akaniambia mlango ukiwa umefungwa. "Jino likiniua, basi."

Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Usaha ule ukishuka shingoni unaweza kumziba pumzi kweli.

Sitawaweka wote kapu moja. Daktari wa meno wa hapa, binti mdogo tu, alikuja nyumbani akagonga mlango ule ule. Alimwahidi kwamba atamtibu akiwa ameketi nusu wima, hatamlaza, na presha ataipima kwa mkanda mrefu unaouzunguka mkono wake wote. Hakumwambia apungue. Alimwambia, "Fungua mdomo, kaka, nione." Huyo ndiye niliyekuja kumshukuru leo, kuliko kiti.

Mmeona hayupo jukwaani. Msimtafute. Mheshimiwa, najua muda wangu umekwisha zamani, na mshereheshaji amenikonyeza hadi kope zimemchoka. Nimewarefushia makusudi. Mliponipigia makofi ya kunikaribisha, mdogo wangu alikuwa anaingizwa kwa mlango wa pembeni. Nilipokuwa nawasimulia habari za dereva, nailoni ilikuwa imeshachanwa na sindano imeshachomwa. Ganzi nayo haina haraka. Daktari aliniomba jambo moja tu: "Mwalimu, wewe ongea mpaka imshike."

Mganga Mkuu, naona unainuka. Keti, baba, tafadhali. Na wewe, Mheshimiwa, kata utepe wako kwa raha zako, ila ujue kiti kina mtu, na atakayetaka kukiondoa itabidi aanze kwa kumnyanyua Bonge.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza, maana mngenikatiza mapema, mdogo wangu angeng'olewa jino kabla ganzi haijamshika.