Hamira

Kwenye kiti cha nyuma cha teksi ya Probox ya kutoka Busia kwenda Malaba, wanawake wawili waliojuana dakika kumi tu walikuwa wakinong'ona nyuma yangu, kwa ile sauti ya kuuzia dagaa wa omena sokoni.

"Nesi alisema ni yisti," alisema Mercyline, mpika mandazi wa Burumba. "Si hiyo ni hamira? Nimeacha kukanda unga wiki mbili na bado nawashwa huko chini."

Mama Shamira akacheka hadi mtandio ukamshuka. "Dada, mandazi haina makosa! Hiyo ni kuvu tu, inashika hata bikira. Tumia dawa."

"Dawa ninayo. Lakini mzee wangu nilimwambia ni malaria. Najisikia kama uji umechacha. Nitamwacha anishike aje?"

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema niko na mwanaume Tororo."

"Ukakataa?"

Mercyline akatazama nje. "Nilinyamaza. Huyo mwanamke anayemfikiria, wa kuvuka mpaka kwenda Tororo, angalau mtu anamtamani."

Gari likasimama Malaba. Dereva, aliyezima redio tangu Chakol apate kuwasikia, hakudai nauli. Wala mimi sikushuka.