Mutanu Alikuwa wa Pili

Ndugu, majirani na watu wa kanisa, tulieni tuwasomee maisha ya binti yetu, na nyinyi wa nyuma punguzeni minong'ono, hakuna uchawi hapa.

Mutanu Nzioka alizaliwa Mutomo tarehe 14 Machi 2003, na kwenye programu ya mazishi ameandikwa kifungua mimba wa Nzioka na Kanyiva, lakini alikuwa wa pili. Wa kwanza alizaliwa Tawa mwaka wa 2001, mgongo wazi, akafa kabla ya siku ya kupewa jina, na kwetu asiye na jina hahesabiwi, basi Kanyiva alipobeba mimba ya Mutanu na kuulizwa kliniki kama kuna mwingine, alijibu, "Ni huyu tu," na hakujua amedanganya.

Daktari alieleza kwamba kuna mgongo wazi uliofichika chini ya ngozi, kuna wenye kifuko cha maji pekee, na kuna wa Mutanu, ambao mishipa ya fahamu imetoka pamoja na kifuko, naye akapasuliwa wiki ile ile aliyozaliwa, lakini miguu haikuamka.

Alimaliza darasa la nane Kathonzweni mwaka wa 2017, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu na dadake mdogo Muthoki, wakitukanana njia nzima, kisha akashona nguo kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na ukimletea kitambaa kibovu alikuambia ukafungie mbuzi. Hakuolewa, hakuzaa, na waliouliza kwa nini walijibiwa vibaya.

Figo zilianza kumsumbua 2024, akatuacha tarehe 9 Juni 2025.

Sasa Muthoki ana mimba ya miezi minne, vidonge vya foliki vya kukinga mgongo wa mtoto alianza akiwa amechelewa, kwa maana mgongo hufungika mwezi wa kwanza wa mimba, mama hata hajajua anayo, na ingawa daktari anasema wengi huzaliwa wazima, damu moja huongeza hatari. Jumatatu Muthoki anapigwa picha ya tumbo, ataulizwa habari za kwao, na mama mkwe wake Wayua ameshamwambia, "Nyamaza, mwanangu, utaharibu jina la boma." Wayua, jina la boma halifungi mgongo. Kanyiva ataandamana naye, aseme wenye mgongo wazi walikuwa wawili.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji, na mafundi wenzake wa sokoni.

Pumzika, Mutanu, sisi amani tutaijua Jumatatu.