Kesi ya Mzee Kimya

Mchana ule joto lilikuwa la kuwachosha hata nzi. Benchi liko pale pale, kati ya duka la kinyozi na la dobi, mguu mmoja umewekewa tofali, na pembeni Shangazi na birika lake la kahawa. Wenye benchi ni Kinyozi, ambaye wateja humfuata hapo badala ya dukani, Dobi, na Afande, polisi mstaafu anayejiita mpelelezi, ingawa wanaomkumbuka wanasema alikuwa akilinda geti la stoo. Mwanafunzi wake wa upelelezi ni Jicho, binti wa kaka yake Shangazi, yuko darasa la tano. Sheria ya kwanza ya Afande: mwanafunzi haulizi, anatazama. Basi Jicho alitazama mpaka macho yakamuuma, na mwisho wa benchi bado palikuwa patupu. Mzee Kimya, kama walivyombatiza hapo, hakuwa ameonekana tangu wiki iliyopita. Ndiye aliyekuwa akijibana ili Jicho apate pa kukaa, na ndiye mtu mzima pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho. Jicho aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

— Ameoa, alisema Kinyozi. Mara ya mwisho alitaka nimpunguze nywele za puani. Mzee wa namna hiyo ana jambo. Sasa mke kamkataza benchi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje hapo? aliuliza Afande.

— Si ndoa hiyo.

Dobi alipiga miayo.

— Ndoa gani? Mimi ndiye ninayefua shati lake. Kola haina jasho, kwapa halina jasho. Binadamu gani hatokwi na jasho kwa joto hili? Yule ni tajiri kajificha. Usiku analala penye kiyoyozi. Amerudi kwenye mali zake.

— Tajiri mwenye shati moja? aliuliza Shangazi, akimimina.

— Ndiyo kujificha kwenyewe huko.

Afande akaweka kikombe chini. Alikuwa amechoka kama wenzake, ila cheo kilimdai.

— Hamjui kitu nyie. Yule ni jasusi. Miaka yote anasikiliza tu, haongei. Nani atawasikiliza watu kama nyinyi bila kulipwa?

— Achunguze nini hapa? Kinyozi aliuliza. Sabuni ya Dobi?

— Endeleeni kudharau. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana katoroka polepole. Jicho, weka hiyo kichwani.

Jicho akajaribu kuiweka, ikakataa kukaa. Aliona wazi kwamba watashinda hapo wakimwoza mzee wa watu na kumtajirisha, kisha waende zao kulala, na kesho waanze upya. Uvumilivu ukamwishia.

— Samahani, Afande. Naomba kuuliza.

— Mwanafunzi haulizi.

— Anakaa wapi?

— Nani?

— Mzee Kimya. Kwake ni wapi? Huenda anaumwa, na hana mtu.

Kinyozi akamgeukia Dobi.

— Wewe si humpelekea shati?

— Hulifuata mwenyewe. Nilidhani wewe unajua.

— Mimi nilidhani Afande anajua.

Wakamtazama Shangazi. Yeye akaelekeza kidevu chake huko mtaani, kwenye mabati yasiyo na mwisho.

— Akimaliza kahawa hushuka kule. Zaidi ya hapo, Mungu anajua.

Afande akainuka. Kikombe alikiacha na kahawa ndani, jambo ambalo Jicho hakuwahi kuliona.

— Twendeni. Tutapita nyumba kwa nyumba. Penye wazee haliharibiki neno.

Kinyozi akafunga duka. Dobi akatafuta ndala zake chini ya benchi. Wakashuka mtaani kwa miguu mizito, Jicho mbele, na hakuna aliyemwambia arudi nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza walimkuta mama mmoja anaanika nguo. Wakaamkiana.

— Tunamtafuta mzee mmoja, alisema Afande. Mzee Kimya.

— Huyo simjui. Jina lake hasa ni nani?

Afande akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Dobi. Dobi akatazama ndala zake. Kisha wote watatu wakamgeukia Jicho, na yule mama naye akamgeukia, nguo iliyolowa mkononi, akisubiri.

Jicho naye hakujua.