Farasi wa Marisela Hakunywa Maji

Mbele ya duka la vyakula vya mifugo la Coyote Flat, kwenye vilima vya Sierra, kuna benchi ambalo halikosi wabishi kila Jumatatu baada ya mbio ndefu za farasi. Hapo huketi Lyle Haskett, aitwaye Maili Mia kwa sababu safari fupi kuliko hiyo haihesabu kuwa safari. Huketi pia Duane Pruitt, aliyebandikwa jina la Presha kwa kupenda kupima mapigo ya moyo ya kila farasi anayepita. Wa tatu ni Arlene Kubiak, Nyundo, anayewapigilia farasi wao viatu na ambaye hajui kumeza neno. Jumatatu hii Nyundo hakuketi. Alisimama na kahawa yake, mishipa ya shingo imemtoka. Farasi wa Marisela Quiroz, mgeni kutoka bondeni, alikuwa amelazwa kwa daktari wa mifugo tangu Jumamosi, tumbo limefunga kwa kukosa maji, na aliyembembeleza Marisela aje kwenye mbio hizo alikuwa yeye Nyundo.

— Mlimwacha Marisela kwenye hori la maji njiani, alisema. Msinizungushe.

— Nani kamwacha? Maili Mia akaruka. Mtu mzima yule, ana farasi wake, ana njia yake.

— Farasi wa mwenzio akiwa na mdomo majini, huondoki. Ukiondoka na wako, wake anainua kichwa anawafuata, na kiu yake yote. Hujui hilo, Lyle? Wewe?

— Halimo kwenye kitabu cha sheria.

— Na kumsalimia mama yako kumo kwenye kitabu gani?

Presha akakohoa kidogo.

— Mimi tatizo naliona kwa farasi mwenyewe. Mnene mno. Nilimpima mapigo asubuhi, nikasema moyoni, huyu leo hafiki.

— Ulisema moyoni! Mdomo ulikuwa umemwazima nani?

— Sikutaka kumvunja moyo mgeni, bibie.

— Ah, kumbe ulikuwa unamkaribisha!

Maili Mia akapiga paja.

— Wageni wa siku hizi hawakaribishiki, Nyundo. Wamesoma kila kitu kwenye simu. Ukiwaelekeza wanakwambia wanajua.

— Huyu alikuja kukuuliza ampoze vipi farasi wake, nikiwa pale pale. Ukamwambia aangalie wengine.

— Ndivyo tulivyojifunza! Mwaka wangu wa kwanza nilitapika njia nzima. Nani alinipa pole?

— Kwa hiyo unawalipizia wao.

Nyundo akamkodolea macho Maili Mia. Ijumaa jioni mtu huyu huyu alipanda juu ya tela kambini, akavua kofia, akawaambia wageni kwamba hapa wote ni familia moja. Marisela alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Na kila mwaka kambi inazidi kupungua watu, halafu watu hawa wanaulizana kulikoni.

— Labda ni maji yenyewe, Presha akasema. Farasi wa bondeni hajazoea maji ya mlimani. Yale baridi, yanamshtua.

— Hata kuyanywa hakuyanywa, Duane!

— Basi ile harufu yake.

— Watu wa baiskeli, Maili Mia akadakia, sauti chini. Wanaitaka ile njia iwe yao. Sitashangaa wakiwa wametia kitu horini.

— Na wenu walikunywa kwenye hori hilo hilo.

— Wetu wa Kiarabu. Matumbo ya chuma.

— Halafu mwezi ulikuwa mpevu, Presha akaongeza. Mwezi unavuta maji, jamani. Na tumbo la farasi ni nini kama si maji?

— Mungu wangu! Mmeupita mwezi sasa. Bado jua!

Gari likaegeshwa. Akashuka Marisela mwenyewe, macho mekundu, tandiko limeegemea kiunoni. Nyundo akamwendea mbio.

— Anaendeleaje?

— Amesimama leo asubuhi. Ametafuna majani kidogo.

— Si niliwaambia! Maili Mia akasema. Keti, dada, unywe kahawa. Hapa ni kwako.

Marisela hakuketi. Aliwatazama wale wanaume wawili, mmoja baada ya mwingine, bila ukali wowote.

— Nina swali dogo tu. Pale majini, mlipogeuza farasi, niliwaita. Nilisema subirini, bado hajanywa. Nilipiga kelele. Mlinisikia?

Nyundo akawageukia. Alimwomba Mungu mmoja wao aseme hapana, hata kama ni uongo, hata uongo wa kitoto. Presha akainama akatazama viatu vyake. Maili Mia akaivuta kofia chini, ikamfunika macho.

Marisela akatikisa kichwa taratibu. Alipandisha tandiko kiunoni, akausukuma mlango wa duka kwa bega, na humo ndani akasikika akimwuliza mwenye duka kama bado ananunua matandiko yaliyotumika.